Shimo la Muema

Mume wangu Muema hakuwa fundi. Nalisema mapema kwa sababu majirani walizoea kumwita fundi, naye akaitika kwa raha zake. Alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja Athi River. Ufundi aliujua kwa kutazama tu, na ukimwambia kazi fulani ina wenyewe, hapo ndipo umemtuma kuifanya.

Kwao ni Mbooni, Ukambani, kwenye vilima vya udongo mwekundu. Baba yake alichimba visima na mitaro ya shamba kwa mikono yake mpaka akazeeka, na hakuna ukuta uliowahi kumwangukia. Kule ukichimba shimo, wajukuu wako watalikuta. Muema alihamia Kitengela na imani hiyo, akaipima ardhi ya watu kwa macho ya kwao.

Ploti yetu ilikuwa kwenye udongo mweusi. Mwezi wa nane, jua likiwaka, udongo huo hupasuka nyufa za kumeza mkono na kuwa mgumu hata sururu inarudi nyuma. Muema alipopata likizo akachimba shimo nyuma ya nyumba, refu kama kaburi, kina chake kikimfika mabegani. Alitaka kuegesha pikapu yake kuukuu juu yake, aingie chini aitengeneze mwenyewe. Akaezeka mabati juu ya mahali hapo, akapaita gereji. Nilipomuuliza mbona hajengi kuta za mawe ndani ya shimo, aliupiga ule udongo teke.

"Ukuta gani tena, Mama Nzilani? Hii ni mwamba."

Kisha ikaja ile mvua ya mwaka wa tisini na saba, iliyoitwa El Nino. Mito ikafurika, barabara zikakatika, na kiwanda kikawatangazia watu wakae nyumbani mpaka waitwe. Mtoto wetu Nzilani alikuwa kwa nyanya yake Mbooni, akakwama huko. Nikabaki na Muema ndani ya nyumba, na afadhali mbuzi ndani ya nyumba kuliko mwanamume asiye na kazi. Aliziba paa lilipovuja, likaanza kuvuja mahali papya. Akapigilia rafu ya vyombo, vikombe vyote vikateremkia upande mmoja. Akatengeneza mlango mpya wa mbao nene, mzito hata nikawa naufungua kwa bega. Nikamuuliza kama tunafungua benki. Alicheka. Siwezi kusema siku zile zilikuwa mbaya.

Ila lile shimo niliogopa. Nyufa zote uani zilikuwa zimefumba, na ardhi imevimba hata mlango wa banda la kuku ukawa haufungiki. Siku moja nilichungulia chini ya pikapu iliyoegeshwa juu yake, nikaona ukuta wa shimo unang'aa.

"Baba Nzilani, huo ukuta unatoka jasho."

"Juu kuna mabati. Maji itatoka wapi?"

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia, na tukacheka wote wawili.

Asubuhi moja mvua ilipumzika. Muema akavaa gambuti zake za mpira, akachukua spana zake, akashuka shimoni kufunga bomba la moshi lililolegea. Mimi nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe. Sikusikia kishindo. Nilisikia sauti kama ya ng'ombe anayechomoa mguu kwenye tope, lakini ndefu, haiishi. Nilipofika nje pikapu ilikuwa imelala ubavu mmoja. Ukuta wa kushoto ulikuwa umeteremka ndani ya shimo, magurudumu ya upande ule yameufuata, na ngazi alizochonga za kupandia zimezikwa.

Nilimwita. Niliogopa kumwita mara ya pili, nisije nikathibitisha kuwa hayupo.

"Niko," akasema kutoka chini. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Usikanyage huo upande."

Tope lilikuwa limemshika mapajani. Tumbo la gari lilikuwa limekaribia kichwa chake. Karibu na gurudumu la nyuma kulibaki mwanya, akatoa mkono mmoja hapo, nami nikalala kifudifudi nikaushika. Ulikuwa baridi. Kila nilipopumua nilihisi ardhi iliyo chini yangu ikisogea kidogo, na nikajua pikapu bado inashuka. Lile neno la sikio la kufa likanirudia. Nilitamani kulimeza.

Nilipiga yowe. Aliyesikia ni jirani yetu Mmaasai, Ruth, aliyekuwa akipita na punda wake kutoka kuteka maji. Mume wake Timothy na wanaume wengine wa upande ule walikuwa wamehamisha ng'ombe kuelekea Isinya, kwenye ardhi ya mawe, wasizame. Hapakuwa na mwanamume wa kuita.

Kwetu Ukambani punda huvuta mikokoteni, kwa hiyo nikamwambia Ruth tuwafunge kamba wavute gari. Aliwatazama punda wake, akatikisa kichwa.

"Hii yangu inajua kubeba tu. Haijawahi vuta kitu. Ikishtuka itamuua."

Nikatoa jeki chini ya kiti cha pikapu, nikaitega chini ya ubavu ulioinama na kuanza kuizungusha. Badala ya gari kupanda, jeki ikazama kama kijiko kwenye uji, na gari likashuka nayo. Chini kukawa kimya.

"Muema?"

Ruth akanishika kiuno, kwa maana nilikuwa naanza kujisukuma kuingia kwenye ule mwanya.

"Weka jeki juu ya kitu pana," Muema akasema hatimaye, taratibu, akitema matope. "Kitu pana, ngumu."

Nilikimbilia mlango. Alikuwa ameupiga skrubu kila mahali palipoweza kuingia skrubu, na bisibisi yenyewe alikuwa nayo shimoni. Nikachukua shoka nikakata fremu, nikilia na kumtukana yeye na ufundi wake. Mimi na Ruth tukaubeba, tukaanguka nao, tukauburuta, tukaulaza juu ya tope. Nikasimamisha jeki juu yake. Safari hii ilishika. Pikapu ikapanda kidogo, kisha kidogo tena, na Ruth akawa anasukuma mawe yangu ya jikoni chini ya chuma cha gari, mkono wake ukiingia mahali ambapo mimi nisingeuingiza.

Mwanya ukatosha mabega. Tukampitishia leso yangu makwapani, tukavuta. Hakutoka. Udongo ule ukishika mguu hauachi.

"Toa miguu kwa gambuti," nikamwambia.

"Haitoki." Halafu akasema, "Kalekye, wacheni. Itawaangukia."

Tangu tupate mtoto hakuwahi kuniita jina langu. Nilisikia anaaga, na hofu yangu ikageuka hasira.

"Funga mdomo uvute miguu," nikasema. "Nzilani nitamwambia nini mimi?"

Ruth alikita visigino, nami nikakita vyangu. Tulivuta mpaka leso ikaanza kuchanika. Ghafla alitujia, miguu mitupu, wote watatu tukaanguka nyuma. Nadhani tulikuwa bado tunagaragara tulipousikia mlango ukipasuka. Jeki iliinama, na pikapu ikaingia shimoni polepole, ikakalia mahali alipokuwa amesimama.

Muema alilitazama gari. Ruth akamfunika shuka yake, akatufuata mpaka ndani, akakoroga chai mwenyewe. Mvua ikaanza tena. Tulilala tumetundika blanketi mlangoni.

Kesho yake Muema alichukua sepetu, akasema anakwenda kulifukia lile shimo kabla halijaua kuku. Nikamfuata. Alipofika kwenye ukingo wa mabati akasimama. Nilifikiri anapima kazi, kama kawaida yake. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Naogopa," akasema.

Katika ndoa yetu yote sikuwahi kulisikia neno hilo kwake. Kwao mwanamume halisemi. Nilikuwa nimelitamani tangu kiangazi kile, kwa kuwa niliogopa peke yangu kila aliposhuka mle ndani, na nilidhani siku akilisema nitapumua. Sikupumua. Niliipokea sepetu mkononi mwake nikafukie mimi, na miguu yangu ikakataa kwenda. Tukabaki pale tumeshikana, tukisikiliza ukuta wa pili ukiporomoka.