Kamba Iliyopigwa Picha kwa Nje

Walimnyang'anya kamba yake. Aliyemnyang'anya ni shemeji yake, mdogo wa mume wake na mkuu wa duka analofanyia kazi, mtu aliyekula nyumbani kwake miaka minne kabla hajaoa, na wala hakuishia hapo. Jumatatu asubuhi, uani, mbele ya madereva kumi na wawili wenye vikombe vya chai mikononi, alisema kwa sauti ya kutosha: "Kuanzia leo kazi ya kupanga oda itafanywa na kompyuta. Huyu mama alikuwa anatusaidia kutundika vibanio tu."

Mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, ufunguo wa chumba umo kifuani. Akaambiwa autoe. Akautoa, ukiwa bado na joto la mwili wake, akaonyeshwa benchi la kufungia mizigo, akae akunje maboksi.

Madereva walimwita Mama Vibanio, na jina lilikuwa na sababu yake. Duka lile halina mlango wa mteja. Mteja anachagua kitu kwenye simu, beseni, godoro, kioo cha kuvalia, jiko la gesi. Oda ikiingia stoo, mzigo unafungwa, dereva anaupeleka. Kila oda ina swali moja tu, apeleke nani, na kwa miaka sita swali hilo lilijibiwa na mwanamke ambaye hakukaa darasani hata siku moja.

Alikuwa na chumba kidogo chenye dirisha la kioo linalotazama uani. Ndani ya dirisha alifunga kamba ya kuanikia nguo, toka msumari hadi msumari, akaipiga mafundo kumi na mawili. Fundo la kwanza, mkono wa kushoto, ni mlimani. La pili ni nyumba za mageti, kwenye mbwa. La tatu ni vichochoroni. Yanashuka hivyo hivyo jinsi mji unavyoshuka, mpaka la kumi na mbili, mkono wa kulia, kwenye tambarare za mtoni. Kila dereva ana kibanio cha rangi yake, na kila kibanio kinabana pale mwenye nacho anapopaweza. Binti wa simu akisoma oda, "Godoro, mlimani," Mama Vibanio hufungua dirisha na kuita, "Twiga, godoro lako." Imekwisha. Chai haijapoa.

Kuijua kamba ile si kujua njia tu. Lazima umjue na mtu. Mlimani alimweka Twiga, kijana mrefu mwenye pikipiki mpya inayopanda kama mbuzi. Mtoni alimweka Mzee wa Pikapu, maana gari lake lilikuwa na kila kitu isipokuwa breki, na tambarare haihitaji breki sana. Kwenye mbwa alimweka Kipara, ambaye mbwa wote walimpenda kwa sababu wanazozijua wenyewe. Komando, pande la mtu mwenye kifua kama kabati, alimweka fundo la kumi na moja, mtaa usio na mbwa hata wa dawa, kwa kuwa Komando akisikia kubweka anasahau hata jina la mama yake. Siri hiyo ilikuwa ya watu wawili, Komando na Mama Vibanio.

Saa ya chakula alikuwa anafunga mlango kwa ufunguo. Asipofunga, madereva wanaingia kujihamishia vibanio kwenye mitaa mizuri. Kwa hiyo wiki iliyotangulia Jumatatu ile, alipomwona Mtaalamu wa kompyuta, kijana aliyeletwa na shemeji, anazungukazunguka uani na simu yake, mara ainame, mara asimame kwenye ndoo, alidhani maskini ya Mungu anatafuta mtandao. Alimwonea hata huruma. Siku mbili kabla ya hapo kijana huyo alikuwa amekuja kumuuliza kwa adabu zote, "Mama, mafundo haya ni mitaa gani?" Naye akamtajia yote, la kwanza hadi la kumi na mbili, akamwongezea na chai.

Usiku wa ile Jumatatu alimwambia mumewe. Mumewe alisema, "Mambo ya ndugu hayo. Yaache yatapoa." Akageukia ukutani. Mtu anayeambiwa ayaache hulala macho, na yaliyoachwa hulala naye.

Jumanne kompyuta ilianza kazi. Mtaalamu alikaa kwenye kiti cha Mama Vibanio, kiti kile kile chenye mto alioushona mwenyewe, na simu za madereva zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Kila mmoja akasoma, akamwangalia mwenzake.

"Mimi mlimani?" aliuliza Mzee wa Pikapu. "Na kabati hili?"

"Kompyuta imeshaamua, mzee," alisema Mtaalamu.

"Imeliona gari?"

"Imepanga kwa data."

Mzee alimtazama kama anayetazama mtoto wa jirani anayekula udongo. Akapanda garini. Gari likatoka uani likitetemeka, milango ikigonga kama inabisha hodi. Komando naye alikuwa ameshapakia beseni kubwa la kuogea mtoto. Alimwangalia Mama Vibanio pale bencheni, macho yamemtoka. Yeye akakunja boksi. Angesema nini, mtundika vibanio?

Saa tatu na nusu simu ya ofisi ikaita. Binti wa simu aliweka sauti ya nje, kwani mikono yake ilikuwa na kazi.

"Nipo juu," ilisema sauti ya Mzee wa Pikapu. "Kabati nimeshusha. Mteja amefurahi."

"Vizuri, mzee. Rudi uchukue lingine."

"Hapo ndipo penye maneno. Kupanda nimepanda. Kushuka sishuki."

"Hushuki mpaka lini?"

"Sijui, mwanangu. Wenyeji wamenipa kiti."

Binti akaziba mdomo. Hajamaliza kuziba, simu nyingine. Hii ilikuwa na mbwa ndani yake, mbwa watatu au wanne, na katikati ya mbwa sauti nyembamba ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwa Komando.

"Niko juu ya ukuta," ilisema. "Nina beseni. Nimelivaa."

"Umelivaa wapi?"

"Usiniulize wapi. Leteni mtu."

Bencheni, Mama Vibanio alishika boksi, boksi likakataa kukunjika. Kitu kilikuwa kinamtekenya tumboni, akakikandamiza, na kicheko kile cha aibu cha msibani, ukikikandamiza ndiyo kinapanda. Simu ya tatu ilikuwa ya yule mwenye pikipiki ya magurudumu matatu, mtu wa barabara pana, fundo la kumi. Alikuwa vichochoroni. Aliingia vizuri, akasema, ila ukuta wa kulia na ukuta wa kushoto zimemkumbatia, mlango haufunguki, na watu wanaotaka kupita wanapanda juu ya gari na kushukia upande wa pili. "Kuna bibi mmoja amepita mara mbili," alisema. "Nadhani ya pili ilikuwa mchezo tu."

Mama Vibanio aliweka boksi chini.

Akaanza kuhesabu kwa vidole kama alivyohesabu tangu utoto. Wa mtoni yuko mlimani. Wa kumi na moja yuko la pili. Wa kumi yuko la tatu. Kidole kimoja kilikuwa kinapanda huku kingine kinashuka. Basi wa tano atakuwa la nane, na wa tano ni nani? Ni Bwana Harusi, na la nane ndipo anapokaa mama mkwe wake, ambaye amemkwepa miaka miwili tangu alipomrudisha mkewe kwao kwa ugomvi wa pasi ya nguo. "Binti," aliita, "Bwana Harusi amepewa nini leo?"

"Kioo cha kuvalia. Mtaa wa nyuma ya mashine ya kusaga."

"Yaa salaam," alisema Mama Vibanio taratibu.

Alitoka nje, uani. Pale chini ya dirisha lake, kwa nje, ndoo ilikuwa bado imepinduliwa. Akapanda juu yake kwa tabu, mtu mzima mwenye magoti yake, akashika ukingo na kuchungulia ndani. Kamba yake ilikuwa pale. Lakini mlima ulikuwa mkono wa kulia. Mto ulikuwa mkono wa kushoto. Mji mzima ulikuwa umegeuzwa kama soksi.

Akaelewa yote kwa mkupuo mmoja. Mtaalamu hakuwa anatafuta mtandao. Hakuweza kuingia kwa kuwa mlango ulikuwa na kufuli, wala hakutaka kuuliza vibanio ni vya nani na kwa nini, maana angeulizwa yeye anavitakia nini. Basi aliiba kwa kioo. Mafundo aliyasikia kwa masikio, kutoka la kwanza. Vibanio akavipiga picha kutoka nje, kuanzia kushoto kwake yeye. Akaviunganisha, akaita mfumo. Laiti angeomba, angekaribishwa ndani na kupewa kiti.

Kicheko hapo hakikuzuilika tena. Alicheka juu ya ile ndoo mpaka khanga ikamfunguka, akashuka, akakaa juu yake, akacheka amekaa. Machozi yalimtoka, na ukweli usemwe, si yote yalikuwa ya kicheko. Ndani, Mtaalamu alikuwa anabonyeza kompyuta kama mtu anayekanda ngano, na kila akibonyeza, dereva mwingine anapotea.

Shemeji alitoka mbio, tai begani.

"Shemeji, hebu njoo kidogo."

"Nakunja maboksi, shemeji."

"Umekaa juu ya ndoo."

"Nimepumzika kukunja."

Alimsogelea, akashusha sauti. "Wateja wanapiga simu. Mzee yuko mlimani, Komando yuko ukutani. Wewe unaijua hii kazi."

"Mimi wa kutundika vibanio? Nitaijulia wapi?"

"Shemeji, tusiende huko."

"Tulishakwenda. Wewe ndiye uliyetangulia, jana, saa ya chai, watu wanasikia. Rudi kwa njia hiyo hiyo. Waite, uwaambie ile kamba ilitoka kichwani mwa nani. Maneno mawili tu, nami naingia."

Shemeji alitazama uani. Palikuwa na madereva wawili tu, Twiga na Kipara, waliokwisha kurudi: pikipiki ya mlimani ilikuwa imetumwa mtoni na kurudi kabla wenzake hawajafika kona, na mtaa aliopewa Kipara haukuwa na mbwa wa kumchelewesha. Wote wawili walikuwa wanajifanya wanaangalia tairi.

"Nitasema," alisema shemeji. "Wakikusanyika wote nitasema. Kwanza washuke."

Hapo ndipo Mama Vibanio alipokuwa na nafasi. Alijua kabisa: angekaa juu ya ndoo ile mpaka jioni, shemeji yake angepiga magoti. Lakini simu iliita tena ndani, akamsikia Mzee wa Pikapu anamwambia binti kwamba mawingu yanakusanyika, na kwamba huenda akajaribu kushuka tu kabla udongo haujalowa. Mzee yule ana miaka sitini na tatu. Mama Vibanio aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akapita mbele ya shemeji yake bila kumtazama, akamwambia Mtaalamu, "Ondoka kwenye mto wangu."

Akachukua simu.

"Mzee wangu, usiguse ile njia uliyopandia. Mbele ya nyumba hiyo kuna tanuri la matofali, umeliona? Lizunguke. Njia ya nyuma yake inakwenda mbali lakini inashuka kama mtu mwenye usingizi. Tia gia ya kwanza, usiitoe mpaka uone mto."

"Wewe ulipita lini huko?"

"Sijawahi kupita. Nimesikia kwa watu miaka sita. Nenda."

Kisha akafungua dirisha. "Kipara, kamtoe mwenzako kwenye ukuta, na umwambie hakuna aliyesikia kitu. Twiga, vichochoroni, ukifika lichomoe lile gari kwa nyuma, usilisukume mbele, mbele kuna choo cha mtu. Wa baiskeli, mwenye fundo la tatu, atakukuta huko huko, apokee mzigo." Vibanio vilikuwa vinaruka mikononi mwake. Binti anasoma, yeye anaita, binti anasoma, yeye anaita, wote wawili wanacheka hata pumzi hawapati, na Mtaalamu amesimama kwenye kona amekumbatia kompyuta kama mtoto aliyepigwa.

Bwana Harusi ndiye pekee ambaye hakupatikana. Alirudi saa tisa. Alisema mama mkwe alimfungulia mlango, akajiona kwenye kile kioo yeye na mkwewe wamesimama pamoja, akamwambia mkwewe, "Shikamoo." Mama mkwe alifunga geti kwa ndani. Walikaa wakayazungumza kwa muda wa saa nne. Ijumaa anakwenda kumchukua mkewe, na pasi wataiacha kule kule.

Mzee wa Pikapu aliingia wa mwisho, gia ya kwanza, moshi mtupu, uso umejaa vumbi la matofali na tabasamu la mtoto. Madereva wote kumi na wawili walikuwa uani. Komando alikuwa anasimulia kwamba mbwa walikuwa sita. Vicheko vilifika barabarani.

Shemeji alitoka. Watu wakamgeukia. Mama Vibanio alisimama dirishani, kibanio cha kijani mkononi. Shemeji alikohoa, akasema, "Hongereni kwa kazi. Kesho tuwahi." Akaingia ndani.

Baadaye, kwenye korido, akimpa ufunguo, alimwambia kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye viatu, "Asante, shemeji. Wewe mwenyewe unajua." Ndiyo, anajua. Anajua yeye, anajua shemeji, na korido inajua.

Mtaalamu yeye alisema palikuwa na tatizo dogo la mwelekeo. Amelirekebisha. Siku hizi kompyuta inaonyesha majina kwa mpangilio sahihi, ambao ni wa kamba, na karatasi aliyoibandika ukutani siku ya kwanza bado inasema mfumo ni wa kwake. Mama Vibanio hawezi kuisoma, lakini binti alimsomea mara tatu.

Kiti amerudishiwa, na mto, na ufunguo. Kilichobaki ni kile alichoahidiwa uani, karibu na ndoo, na mdaiwa ni shemeji yake: asimame pale pale aliposimama Jumatatu, saa ya chai, mbele ya wale kumi na wawili, aseme kwa sauti ile ile kamba hiyo ilitoka kichwani mwa nani. Wiki ya tano hii hajasema.