Odette anayeifundisha simu lugha ya Kamembe

Saa mbili asubuhi mjini Kamembe, Rwanda, Odette Mukankusi anaongea na simu isiyo na mtu upande wa pili.

"Bwato ya Nkombo ilishaenda?" anauliza, yaani boti ya kisiwa cha Nkombo imeshaondoka?

Kompyuta iliyo mezani inajibu: mteja anataka kununua mashua. Odette anacheka hadi machozi.

Kazi yake ni kuifundisha mashine itambue haja ya anayepiga simu, ili wafanyabiashara wa Ziwa Kivu wajue saa za boti bila kushuka ufukweni bure. Mashine za kampuni kubwa hulishwa sentensi zisizohesabika. Hii ina mifano ishirini tu kwa kila haja.

Leo mchana ni majaribio. Ikishindwa, huduma itafunguliwa bila Kiswahili, na wachuuzi wengi wa kutoka Bukavu, ng'ambo nchini Kongo, wataachwa nje.

Odette, 38, anajua kutoeleweka kulivyo. Alizaliwa Bukavu; vita vya 1996 vilipofika, wazazi wake walivuka naye mto Rusizi kurudi Rwanda.

"Ku masomo niliomba maji, batoto bakasikia *amagi*, ni kusema mayai mu Kinyarwanda," anakumbuka. "Jirani yetu Maman Védastine ndiye alinielewa. Maneno mawili tu, anajua minataka nini."

Wenceslas, mtaalamu wa kompyuta, anapitia mifano na kutikisa kichwa. "Odette, sentensi zako zote zimevaa nguo za Jumapili."

Ni kweli. Aliiandikia mashine kama anayemwandikia mwalimu. Wanafuta nusu, kisha Odette anakimbilia sokoni kuwarekodi akina mama wakinung'unika, wakitania, wakikatiza maneno, na maneno yao yanaingizwa kwenye mashine.

Saa nane, mwenye zamu ya kupiga simu ni Maman Védastine mwenyewe, sasa muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Hasomi chochote. Anafoka tu: "Ba Nkombo banatuacha tena leo?"

Sentensi hiyo haimo katika mifano yoyote. Wenceslas anashika kichwa.

"Boti ya Nkombo bado haijaondoka," sauti inajibu. "Itaondoka saa tisa."

"Yesu wangu! Kumbe iko inasikia!" Védastine anapiga kelele, na ofisi nzima inalipuka kwa vifijo. Kiswahili kimebaki.

Mwezi ujao Odette anakwenda kisiwani Nkombo kukusanya Kihavu, lugha ya huko ambayo yeye mwenyewe haijui.

"Nitaanza na bamama ba sambaza," anasema huku akifungasha kinasa sauti. "Balishaniambia: kuja, lakini usikae kama mugeni. Kuko samaki ya kuanika."