Darasa Lililokaa Kimya

Ninyi wajukuu mnaosoma kwa simu mkiwa mmejilaza kitandani, msidhani jambo hilo limeanza na ninyi. Shangazi yenu, binti yangu wa mwisho, alilijaribu kabla hamjazaliwa. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini kilichompata nilikiona, na mpaka leo kinaniwasha.

Alikuwa mwalimu wa muda hapa Mbulumbulu. Wakamwambia, bila cheti, kazi basi. Akajiunga na chuo cha mbali, masomo yote ndani ya kompyuta. Kila Jumamosi alidandia gari la viazi kwenda Karatu mjini, kwenye intaneti kafe iliyojaa madereva wa watalii.

Chuo kiliwatia wanafunzi katika kundi moja humo mtandaoni, waulizane na kujibizana. Asiyezungumza anaondolewa. Basi jioni moja aliporudi, akiwa anakung'uta vumbi, nilimuuliza:

“Wenzako wamesemaje leo?”

“Wamesalimia, mama.”

“Na wewe?”

“Nimesalimia.”

“Halafu?”

“Tunamsubiri mwalimu. Masomo ameweka, ila hajasema tuanze.”

“Kwani mko kilioni? Anza wewe!”

“Nimtangulie mwalimu? Watasema najifanya.”

Kaka yake akacheka mpaka akapaliwa na chai. “Darasa la mabubu hilo! Afadhali ng'ombe, ukimsemesha hata sikio anatikisa.”

Sikucheka. Shuleni kwetu aliyefungua mdomo kabla ya kuulizwa alikula fimbo. Mtoto wamemfundisha kunyamaza tangu darasa la kwanza, leo wanamwadhibu kwa sababu amenyamaza. Akili gani hiyo?

Jumamosi moja kompyuta ikamkatalia. Ameondolewa. Hakuna aliyeuliza kama anaumwa au amekufa. Mbuzi asiporudi zizini jioni hutafutwa, jamani. Mwanangu hakutafutwa.

Baada ya mavuno tukaenda naye mnadani Karatu. Mama mmoja wa kijiji cha Baray alikuwa anauza vitunguu na kugombana na mteja: “Usinibabaishe na mizani! Mimi nilikuwa niwe mwalimu!”

Binti yangu akasimama. “Ulisomea wapi, dada?”

“Kwenye kompyuta, hapo mjini. Kundi la wafu. Unasalimia, wanasalimia, basi. Kila mtu anamngoja mwalimu.”

“Wewe si ndiye uliyekuwa unakaa karibu na mlango?”

Yule mama akaacha kupima. “Na wewe ndiye wa skafu ya bluu! Mimi nilidhani wewe ni wa kampuni ya watalii!”

Wakacheka, wakashikana mikono. Kisha binti yangu akauliza polepole, “Bado umo?”

“Walishanitoa.”

“Na mimi.”

Kicheko kikaisha pale pale. Jumamosi zote zile walikaa chumba kimoja, wamepeana migongo, kila mmoja akingoja aambiwe aseme. Mmoja angegeuka tu!

Shule ilipofunguliwa, nafasi ya shangazi yenu alikuwa nayo kijana mgeni mwenye cheti. Shangazi yenu akarudi kwenye shamba la maharage, na ndiko aliko.

Siku ile tuliporudi kutoka mnadani niliwakusanya wote jikoni, yule kaka yake aliyecheka nikamkalisha mbele. Nikasema: “Kuanzia leo, anayesoma katika nyumba hii atasomea hapa motoni, kwa sauti. Na kila mmoja wenu amuulize swali, hata liwe la kijinga. Asiyeuliza, hali chakula.”