Viti vya Baraza

Mama Sponji hana mtoto hata mmoja. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu nywele zake hazikosi vipande vya sponji. Kazi yake ni kushona viti: vya magari, vya saluni, vya ofisi. Zamani alikuwa teja, na wala hafichi. Alivuta unga mpaka akauza cherehani ya mama yake, akafungwa, na jela ndiko alikoanza kunywa methadoni, ile dawa ya kikombe inayokata arosto, yale maumivu ya kukosa unga. Alipotoka aliendelea kuinywa kwenye dirisha la kituo cha afya, kila asubuhi, mbele ya nesi, kisha anakwenda kufungua karakana. Anayemwita teja siku hizi huambiwa alete kiti chake aone teja anavyoshona.

Kaka yake mkubwa hakupata bahati hiyo. Yeye alitoka jela kabla dawa haijaletwa, amenawiri, mashavu yamejaa. Mama yao alilia kwa furaha, majirani wakasema jela imemponya. Mwenyewe naye akaamini. Hamu ilipomrudia akavuta kipimo kile kile cha zamani, bila kujua kwamba mwili wake haukiwezi tena. Walimkuta chooni, mlango umefungwa kwa ndani. Tangu hapo Mama Sponji akisikia mtu anasifiwa kwamba amenawiri, huinuka akaondoka.

Sasa mdogo wao alikuwa anatoka jela Ijumaa. Ndani alikuwa anapewa kikombe. Nje, nesi alimnong'oneza Mama Sponji, hakitakuwepo: wafadhili wamejitoa, wagonjwa wa zamani wataendelea, lakini wanaotoka jela hawana fungu mpaka madiwani waamue. Mama Sponji akafunga safari mpaka kwa mwenyekiti wa baraza. Mheshimiwa alimsikiliza huku anachezea simu, akamwambia kijana aliyekaa jela muda wote huo ameshapona, na pesa ya wananchi haiwezi kuwanunulia mateja starehe. Kisha, bila haya, akauliza viti vya ukumbi vitakuwa tayari lini, maana kikao ni Alhamisi. Viti vyote vya baraza vilikuwa karakana kwake, vinabadilishwa sponji na vitambaa. Pesa ya makalio ilikuwa imepatikana bila kelele.

Mafundi wenzake walimshauri avizuie. Alikataa katakata, alisema hawezi kuitwa mwizi juu ya kuitwa teja. Alivishona kama anavipeleka harusini. Alhamisi asubuhi akavipeleka mwenyewe, akavipanga kuizunguka meza, halafu akakaa kwenye kimoja. Nyuma yake wakaingia wenzake wa dirishani: kinyozi, muuza mitumba, dada mmoja mwenye mimba, na wengine hadi viti vikaisha. Karibu wote walishaonja jela.

Madiwani walipofika na mafaili kwapani hawakuwa na pa kukaa. Mwanzoni walidhani wamekosea siku. Mwenyekiti akaomba wapishwe, kwanza kwa upole, halafu kwa ukali, na hakuna aliyetikisika. Akasema ataita polisi.

“Waite, mheshimiwa,” Mama Sponji akasema. “Watupeleke jela, huko kikombe kipo. Mdogo wangu mmemtibu akiwa mfungwa, kesho mnamwachia huru mnamnyang'anya dawa. Kaka yangu alitoka hivyo hivyo, hakumaliza wiki. Huyu simziki.”

Mwenyekiti akasema jambo hilo halimo kwenye ajenda. Kinyozi akamkumbusha kwamba ajenda huandikwa kwa kalamu, na kalamu anayo mfukoni. Diwani mmoja, mama mtu mzima, akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Magoti yalikuwa yanamsumbua. Ndiye aliyesema, ameegemea ukuta, kwamba fungu la dharura lipo na kila diwani analijua, kwani ndilo lililolipia sponji. Wakajadili wakiwa wima, kwa ufupi ambao baraza lile halijawahi kuusikia. Mikono ikanyooshwa, mingine kwa shingo upande. Kuanzia kesho yake, kila atokaye jela angepokelewa dirishani, kwa muda wa miezi mitatu.

Mwenyekiti akajifuta jasho.

“Haya mama, mmepata mlichotaka. Sasa tupisheni tukae.”

“Na baada ya miezi mitatu?”

Diwani mmoja alijifanya anasoma faili lake.

“Basi bado tumekaa,” Mama Sponji akasema, akavuta kiti chake karibu na meza.