Kinu cha Mama Kule Manzese

Twi! Twi! Hivyo ndivyo Ifakara ilivyoamka nilipokuwa mtoto. Kabla jogoo hajamaliza ubishi wake, vinu vilikuwa vimeanza kuitikiana toka ua hadi ua, na harufu ya mpunga mpya ilikuwa imeshatuingia puani tukiwa bado kitandani. Kwa hiyo baba alipopata kazi ya kiwandani Dar es Salaam, miaka ya tisini mwanzoni, mama alipakia kwenye treni magunia ya mpunga, ungo, michi miwili na kinu chake cha mninga. Baba alimkumbusha kwamba mjini mchele unauzwa dukani. Mama alimjibu kwamba wa dukani haunukii, akaketi juu ya magunia yake.

Tulipanga chumba Manzese, katika nyumba ya vyumba vingi na choo kimoja. Kila asubuhi ndoo zilipangwa foleni mlangoni pa choo, na aliyechelewa kutoka alikoholewa na nyumba nzima. Kuta zilikuwa nyembamba, hata tulijua nani kagombana na mkewe na nani kalala na njaa. Redio za majirani zilikesha, na baa ya ng'ambo ya barabara ilikesha nazo. Kwa hayo yote watu walisema ndiyo mjini, zoea. Lakini mama alipotwanga uani kwa mara ya kwanza, milango ilifunguliwa kwa hasira. Makapi nayo yakapeperuka hadi kwenye nguo za Mama Hawa, jirani wa chumba cha pili, aliyekuwa ndio kwanza ameanika. Nguo zilirudi kwenye beseni, na mwenye nyumba akaitwa.

"Mama Asteria, hapa si shamba," alisema mzee yule. "Kinu au chumba. Kesho asubuhi nisivikute vyote viwili."

"Shikamoo, baba," mama alimwamkia kwanza, maana hasira haikuwahi kumwondolea adabu. "Makapi nimekosa, nitapepetea nje. Ila niambie, baba, kati ya redio zinazokesha humu na kinu changu, kipi kinapika wali?"

Mzee aligeuka akaenda zake. Jioni baba alimsihi mama akiuze kinu, tusije tukatupiwa vyombo nje. "Mwenye nguvu mpishe," alisema. "Mkataa kwao mtumwa," mama akajibu, akaendelea kukunja nguo. Mimi niliogopa, lakini moyoni nilimwonea mama fahari.

Asubuhi mama alikibingirisha kinu hadi katikati ya ua, akanipa mchi mmoja. Mwenye nyumba alikuwa amesimama palepale, mswaki mdomoni. Tukaanza kupokezana, mama twi, mimi twi. Mlango wa Mama Hawa ukafunguka. Alitoka kajifunga kanga kiunoni, akaanua nguo zake moja moja, nikajua sasa tumekwisha. Kisha akaja akanishika bega. "Nipishe, mwanangu. Tangu nitoke kwetu Kyela sijashika mchi." Wakatwanga wawili, jasho likiwatiririka, wakicheka kama wasichana. Mwenye nyumba alisukutua, akatema, akaingia ndani, na habari ya chumba haikusemwa tena. Mchana huo Mama Hawa alikula wali kwetu.

Siku hizi hata Ifakara mpunga unakobolewa mashineni, nami nakaa ghorofa ya tatu humu humu Dar es Salaam, kati ya jenereta, honi na spika za matangazo. Nimeambiwa niyazoee, na nimeyazoea. Ila mama aliponirithisha kinu hakuuliza kama nakaa chini au juu. Kila Jumamosi nakiweka jikoni juu ya gunia lililokunjwa, natwanga mpunga wa Ifakara, na nyumba inanukia kwetu. Wiki iliyopita jirani wa chini aligonga dari lake kwa mpini wa ufagio. Nikashusha mchi. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Nikatema mate viganjani, nikanyanyua mchi, nikamjibu.