Bibi Aliyekataa Kutaja Chantal

Apollinarie wa Nyakabere hakuwa mtu wa kuchezewa jina. Ukimwita Apolina, anapita. Ukimwita Polina, anapita na kukuangalia toka kichwa hadi miguu, na siku hiyo usitegemee kupewa moto jikoni kwake. Jina lake lilikuwa Apollinarie, zima, na watu wote kuanzia kwenye mihogo yake mpaka kando ya mto Ruzizi walilijua. Kulitamka ndiko kulikuwa kazi. Watu wa lile bonde wamezoea Kirundi chao, na midomo yao ilikuwa ikifika katikati ya jina hilo inachoka, inamalizia popote. Yeye alisimama na jembe lake begani, akangoja wamalize vizuri, ndipo akaitika.

Msimcheke. Jina lile hakuliokota njiani. Alipokuwa msichana alikwenda misheni kujifunza katekisimu miaka na miaka, mvua inyeshe, jua liwake, na akirudi nyumbani jembe lilikuwa bado linamngoja. Siku padri alipommwagia maji na kumwita Apollinarie, hata yeye mwenyewe alishindwa kulisema. Alilirudia njia nzima akirudi, peke yake, mpaka ulimi ukatii. Kwa hiyo alilihesabu kuwa ni jasho lake, kama shamba.

Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Gratien, halafu mumewe akafariki mapema. Kazi haikumtisha, njaa alizipitia, lakini kulikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni. Siku akifa, nani ataitikia Apollinarie? Kwao, binti wa kwanza wa mwanao ndiye hubeba jina lako, na kila wakimwita yeye ni kama wanakuita wewe. Gratien alikwenda kufanya useremala bandarini Kalundu, katika mji wa Uvira kando ya ziwa, akaoa huko huko, na siku ya harusi, kibuyu cha pombe ya ndizi kikiwa katikati, mama yake alimtaka aseme mbele ya watu. Gratien akasema. Binti wa kwanza ni Apollinarie.

Mke mwenyewe alikuwa Léocadie, binti wa wavuvi wa mtaa wa Songo, mwepesi wa mikono na mzito wa maneno. Alikuwa anapiga pasi kwa Wabelgiji fulani waliokaa karibu na ziwa. Wale Wabelgiji walikuwa na katoto kao ka kike, kenye mafua na maswali yasiyokwisha, kalikopenda kukaa chini ya meza ya pasi na kumsimulia Léocadie habari za paka. Kaliitwa Chantal. Léocadie alilipenda jina hilo tangu siku ya kwanza. Unalisema mara moja, limekwisha, na mdomo umebaki wazi kidogo kana kwamba unataka kucheka.

Basi mwaka wa sitini ukafika. Uhuru ukaja mwezi wa sita, watu wakacheza mpaka viatu vikakatika, halafu askari wakaasi kule mji mkuu na wazungu wakaanza kufunga masanduku. Nyumba za kando ya ziwa zikabaki milango wazi. Watu wakabeba viti, wakabeba vitanda, kuna mzee mmoja wa Songo alibeba bafu la chuma na akalifugia bata. Watoto waliozaliwa miezi ile walikuwa wanaitwa Indépendance, yaani Uhuru, wasichana kwa wavulana, ukiita mmoja wanaitika sita. Na katikati ya fujo hiyo Léocadie akajifungua mtoto wa kike.

Apollinarie alipopata habari alipanda lori la pamba, kuku mkononi, kitenge kipya cha kubebea mtoto kichwani. Hakusalimu vizuri hata. Alikaa, akanyoosha mikono, akasema aletewe Apollinarie wake amwone. Gratien akaanza kuangalia vidole vyake vya miguu, mtu mzima mwenye ndevu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto anaitwa Chantal.

Mama yake alidhani Chantal ni jina la ugonjwa. Aliuliza hilo ni jina la nani. Alipoambiwa ni la yule mtoto wa wazungu, ndipo moto ulipowaka. Wazungu wenyewe wanakwenda zao, nchi imekuwa yetu, sasa jina lao libaki kufanya nini ndani ya nyumba ya mwanangu? Gratien akajaribu kusema kwamba hata Apollinarie lililetwa na wazungu. Afadhali angenyamaza.

"Minye jina yangu nililitumikia," mama yake akasema. "Weye ulipewa bure, na bado umelikataa."

Hapo Léocadie akamfunika mtoto vizuri na kusema, "Mama, wengine walichukua viti, wengine vitanda. Minye nilichukua jina tu."

Ukweli ni kwamba lilikuwa jibu zuri, na ndiyo sababu Apollinarie hakulisamehe. Akaona dawa ni padri. Padri wa pale alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, mmoja wa wachache ambao hawakukimbia, na alijulikana kwa kukataa majina yasiyo ya watakatifu. Apollinarie akamfuata kwa furaha, mwana na mkaza mwana nyuma yake, mtoto mgongoni.

Padri akasikiliza, akapapasa ndevu. Akasema ni kweli, hakuna mtakatifu aitwaye Chantal. Apollinarie akafumba macho akimshukuru Mungu. Lakini, padri akaendelea, yuko mtakatifu Jeanne-Françoise, mjane wa Ufaransa, ambaye mumewe alikuwa bwana wa mahali paitwapo Chantal, na watu wakamzoea kwa jina la mahali pale. Huko Ulaya wazazi wameanza kuwapa binti zao jina hilo juzi juzi tu. Neno lenyewe, kadiri alivyowahi kusoma, shina lake ni la zamani sana na maana yake ni mawe.

Apollinarie alikuwa mkulima. Alijua shamba la mawe ni nini, mgongo wake ulijua zaidi. Akasema kwa hiyo mjukuu wake ameitwa shamba la watu, tena shamba bovu, na kama ni hivyo basi heri wangembatiza Nyakabere, kule angalau mihogo inaota. Padri, maskini, akafikiri atamtuliza. Akamweleza kwamba yule mtakatifu, alipofiwa na mume, alikaa miaka mingi nyumbani kwa baba mkwe wake, mzee mkali asiyeridhishwa na kitu, na alimvumilia bila kumjibu. Léocadie akainamisha kichwa haraka, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Apollinarie aliyaona.

Mtoto akabatizwa Jeanne-Françoise Chantal. Bibi yake aliacha kitenge, maana kitenge hakina kosa, akachukua kuku wake na kurudi bondeni. Majina matatu, akawaambia wenzake ndani ya lori, na langu limekosa nafasi.

Tangu siku ile hakulitaja. Gratien akija na mtoto kumsalimu, bibi anasema weye njoo, weye kula, weye shuka huko. Mapenzi hayakukosekana, mtoto alikuwa anarudi Songo tumbo limejaa karanga, ila jina halikutoka. Na shida ikawa jina lenyewe halikutaka kukaa kimya. Wanawake wa Songo walilisikia likiitwa jioni kutoka mlango wa Léocadie, wakalionja, wakaona tamu. Jirani akazaa, akamwita wake Chantal. Dada wa jirani naye hivyo hivyo. Mke wa mwalimu akafuata, na mke wa mwalimu akishafanya jambo ujue limekuwa sheria. Haikuchukua muda ikawa penye bomba la maji huwezi kumkaripia Chantal mmoja bila wengine kulia. Wakawa Chantal mnene, Chantal wa mwalimu, Chantal wa mitumbwi. Wale Indépendance wa mwaka wa sitini wakaanza kuonekana wazee kabla hawajaota meno yote.

Likapanda barabara, likafika bonde. Gratien sasa alikuwa Baba Chantal, Léocadie Mama Chantal, na siku moja mwanamke wa kijiji cha Kiringye aliyekuja kuuza mahindi akapiga hodi Nyakabere akimwita Bibi Chantal. Apollinarie alikuwa uani anamenya mihogo. Aliendelea kumenya. Yule mwanamke alirudia mpaka akachoka, ndipo mwenye nyumba akamjibu kwamba hapa hakuna mtu wa hivyo, lakini kama anataka maji, mtungi uko pale. Usiku alilala vibaya. Aliona jinsi mambo yanavyokwenda. Lile jina la mawe halikutosheka kumnyima mjukuu, sasa linamfuata mpaka mlangoni limmeze na yeye mwenyewe.

Mwaka wa sitini na nne waasi wakaingia Uvira. Kila mtu akakimbilia alikokuwa na ndugu, na wengine wakatafuta vivuko vya Ruzizi wavuke Burundi. Léocadie na Gratien walifika Nyakabere na sufuria, godoro, gunia la ndagala, wale dagaa wa ziwani, na Chantal wao wa miaka minne. Apollinarie aliwaona kwa mbali kwenye njia ya mihogo, akatupa jembe, akakimbia. Aliwapokea akilia, akamkumbatia hata Léocadie. Kisha akajifuta machozi, akamwambia mtoto, weye, umekuwa mrefu.

Ua wake ukajaa watu. Walikuja kupumzika, kuchemsha kitu, kuuliza njia, na wengi walitoka Songo, kwa hiyo wote walikuwa wanauliza kwa Bibi Chantal ni wapi. Yeye aliwaambia hamjui huyo mtu, huku akiwagawia mihogo. Asubuhi moja akaja Louise, mwanamke kijana ambaye hakuna aliyemfahamu, mumewe ametangulia kutafuta mtumbwi wa kuvuka, tumbo lake limeshuka na uso umebadilika. Apollinarie alimtazama mara moja tu, akamwingiza jikoni, akamfukuza Gratien mbali, akamwagiza Léocadie ateleke maji. Jua halijafika katikati, mtoto akalia. Msichana.

Louise alipopata pumzi, akiwa ameegemea ukuta, mtoto kifuani, alisema neno ambalo Apollinarie alikuwa amelingoja tangu mwaka wa sitini, na aliyelisema ni mtu asiyemjua.

"Mama, jina yako nani? Huyu atabeba jina ya mwenye kumupokea."

Jikoni pale, kwenye majivu na moshi, jina lake lilikuwa limepata mtu wa kulichukua. Akaanza kwanza kujifuta mikono kwenye kitenge, apate kulitamka vizuri, zima.

"Anaitwa Apollinarie."

Aliyesema ni mtoto, amesimama mlangoni na kipande cha muhogo mkononi. Alilisema lote. Hakuruka mahali, hakuchoka katikati, alilifikisha mwisho kama alivyolifikisha yule msichana wa misheni enzi zile. Apollinarie aligeuka polepole. Mjukuu hamwiti bibi yake kwa jina, ni utovu wa adabu, kwa hiyo miaka yote hiyo hakuwahi kulisikia kwenye mdomo wa huyu.

"Nani alikufundisha?"

"Mama," mtoto akasema. "Kila magharibi tunakuombea, na ni minye nasema jina. Nikikosea, sipewi ndagala."

Léocadie alikuwa ameinama mahali pa moto, anapuliza kuni ambazo zilikuwa zinawaka vizuri kabisa. Hakuinua kichwa. Apollinarie akavuta kigoda, akakaa. Miaka yote alikuwa anasema jina lake limefukuzwa Songo, na kumbe Songo ndiko lilikokuwa linatajwa kila jioni, tena kwa usahihi kuliko Nyakabere yote. Akamwangalia mkaza mwana wake, yule aliyemhesabu kuwa mwizi wa jina, na aibu na furaha vikamjia pamoja.

Louise naye alikuwa anajitahidi. Alianza, Apo, akarudi nyuma, Apori, akapotea, akajaribu kwa upande mwingine, akashindwa vibaya zaidi. Jasho likamtoka upya. Mwishoni, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumkosea mwenyeji wake, akauliza na huyu mudogo wa mulangoni anaitwa nani.

Léocadie aliacha kupuliza. Mtoto alimtazama bibi yake.

"Chantal," Apollinarie akasema.

Louise akalijaribu. Lilitoka mara moja, bila taabu, na akatabasamu. "Mama, usikasirike. Naweza kuchukua hili?"

Ndipo Apollinarie alipoanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, Léocadie naye akashindwa kujizuia, na Gratien kule nje akauliza kuna nini, wasimjibu. Alipopata pumzi alimvuta mjukuu wake, akampakata, akajifuta macho kwa pembe ya kitenge.

"Chukua, mwanangu," akamwambia Louise. "Lile langu liko na mwenye kulibeba tayari."