Neno Langu Kwenye Karatasi

Harufu ya penseli iliyochongwa hunirudisha shuleni kwetu Shinyalu, bendera ya uhuru ikiwa bado mpya. Mama mmoja mtafiti alikuja kuchunguza jinsi watoto wanavyojifunza kusoma. Nilimsomea kitabu kizima bila kukosea. Alipofunika picha kwa kiganja, nikakwama. Nilikuwa nimekikariri tu. Niliona aibu sana, lakini hakunikaripia.

“Jana mlikula nini?” aliuliza.

“Ingokho! Tulichinja kuku, mjomba alikuja.”

Akaandika nilivyosema, kwa lugha yetu ya nyumbani, akanipa karatasi. Nikafuata herufi kwa kidole: i-ngo-kho.

“Mwalimu, ni neno langu!” nilimwambia mtafiti kwa kelele.

Nilikimbia hadi nyumbani nikamsomea mama. Akaacha kupepeta maharagwe.

“Soma tena,” akasema, “polepole, nami nijifunze.”